Kipi Hakisubiri?

Dada zetu wa visiwani, salamu kutoka Kasulo, Ngara. Wengi mnatuuliza tunawezaje blogu na shule kwa pamoja. Vyote kwa siku moja hatuviwezi, tunachagua.

Hapa kwetu ndipo ilipo Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24. Bibi zetu waliwaona wakiingia, nasi tunakusanya kumbukumbu zao. Mwaka huu pia tuko kidato cha nne, na mtihani wa taifa ni Novemba.

Basi tunajiuliza swali moja: kipi hakisubiri? Rangi za blogu zinasubiri. Idadi ya wasomaji inasubiri. Mtihani una tarehe yake. Na siku za bibi anazijua Mungu peke yake. Kwa hiyo Jumatatu hadi Jumamosi ni daftari. Jumapili jioni tunakaa na bibi, tunarekodi kwa simu, tunahifadhi. Kuziandika ni kazi ya Desemba.

Nawe mpenzi, kabla hujaacha shule au ndoto yako, jiulize swali hilo. Huenda hakuna cha kuacha, ila cha kusogeza mbele tu.