Chini ya Gaskiti

Manah iko bara, kusini mwa milima ya Hajar, na kwa karne nyingi maji yake yalitoka kwenye falaji, mfereji unaopita chini ya ardhi na kuteremka wenyewe hadi mitendeni. Siku hizi mabomba ya Dakhiliyah hupokea pia maji ya Bahari ya Oman, yaliyoondolewa chumvi pwani na kusukumwa bara. Mtambo wa Barka, ulioanza kazi mwaka 2003, uliyachemsha maji hayo hatua kwa hatua na kukusanya mvuke. Ajazaye birika la chai hana sababu ya kuuliza ni metali gani iliyoyahimili.

Penye maji makali zaidi, wahandisi hupenda titani. Kinachoilinda ni utando wa oksidi, mwembamba mno, unaojirudisha wenyewe kila ukikwaruzwa. Katika bahari ya wazi metali hii hukaa miongo bila alama. Kiswahili kina neno kutu, lakini kutu ni ya chuma: ni nyekundu, hujitangaza. Titani hulika kimya.

Hulika mafichoni, chini ya gaskiti au ukoko wa chumvi, mahali maji yalipoingia yakakwama. Oksijeni iliyomo huisha, na nyingine haipati njia. Titani kidogo inayoyeyuka humenyana na maji na kuzaa asidi. Kloridi nayo huvutwa ndani kusawazisha chaji. Mwanya usiopitisha hata ukucha hugeuka chungu cha asidi ya hidrokloriki, yenye pH ya 1 au chini yake, ilhali milimita chache kando maji hayana ukali huo. Utando hauwezi kujirudisha tena. Chini ya nyuzi 70 hivi titani safi kwa kawaida husalimika. Lakini mitambo ya kuchemsha huyapasha maji ya chumvi kupita nyuzi 90.

Dawa inajulikana: paladiamu, kati ya asilimia 0.12 na 0.25. Ni ghali, kwa hiyo wengi huchagua nikeli na molibdeni, zisizofika mbali kama paladiamu. Ajabu ni kwamba gaskiti iliyobana sana, ile ambayo fundi yeyote angeisifu, ndiyo hufanya mwanya mbaya zaidi.

Kwa nje hakuna kinachoonekana. Mkaguzi hufungua bolti moja moja, huinua gaskiti, na pale ugonjwa ulipokwisha kuingia hukuta unga mweupe, akiufuta, vishimo.