Mgeni Anaomba Mbuzi

9 Desemba 2023, Minneapolis

Dirisha la maombi ya vibali vya kuwinda Alaska linafungwa tarehe 15. Wanafungua Novemba 1, wanafunga Desemba 15, majina yanatoka Februari. Usiku huu nimeusoma tena mwongozo wao ukurasa kwa ukurasa. Asiye mkazi wa Alaska haruhusiwi kuwinda peke yake dubu wa kahawia, kondoo wa Dall wala mbuzi wa milimani. Lazima aandamane na mwongozaji mwenye leseni, au ndugu yake mkazi wa Alaska aliyetimiza miaka 19. Na huyo ndugu wamemwekea mipaka: mzazi, mtoto, kaka au dada, babu, bibi, mjukuu, mume au mke. Wakwe na mashemeji wamo.

Nikampigia Kaka aliyeko Anchorage. Ni mtoto wa baba mdogo. Tulilelewa nyumba moja Kondoa, tukalala kitanda kimoja, tukachapwa kwa kosa moja. Nilipomsomea kifungu alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mume wa dada yako angefaa, mimi sifai?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. "Haya, mdogo wangu. Basi nitakuulizia mwongozaji mwaminifu."

Ada ya kibali cha mbuzi kwa mgeni ni dola 600. Mwongozaji ndiye mzigo wenyewe: wengi wanatoza zaidi ya dola elfu kumi, nawe hujalipia ndege ndogo ya kukuvusha maji.

Sheria hiyo siichukii. Baba alikuwa askari wa wanyamapori Rungwa. Wazungu waliokuja kuwinda pale hawakuingia kitaluni bila mwindaji bingwa mbele yao na askari nyuma. Baba ndiye aliyekuwa nyuma. Alikuwa akisema mgeni anaijua bunduki yake lakini haijui nchi. Leo mgeni ni mimi, na milima ya Alaska, yenye mvua, ukungu na magenge yanayoishia baharini, siijui.

Alaska siombi mwaka huu.

20 Januari 2024, Billings

Nimelala ndani ya lori, nje theluji. Jana mchana nilipita Big Timber, hapa Montana, na Milima ya Crazy ilikuwa wazi upande wa kaskazini wa barabara, myeupe juu hadi chini. Mbuzi wako huko sasa hivi. Wenzao, elki na dia (kulungu wa huku), wameshuka mabondeni kutafuta malisho. Mbuzi wengi wa huku wanabaki juu, kwenye kingo ambako upepo unafagia theluji na majani makavu yanaonekana.

Hesabu ya vibali vya Montana nimeielewa vizuri. Kila mwaka unaokosa unaweza kujiwekea pointi ya nyongeza, na kwenye droo pointi zinazidishwa kwa zenyewe. Mwenye 3 ana nafasi 9, mwenye 10 ana 100. Mgeni anayeanza leo anaingia kwenye pipa moja na watu waliokuwa wakiomba kabla hajafika Marekani. Tena wageni wote kwa pamoja hawapati zaidi ya asilimia 10 ya leseni. Mkazi akibahatika analipa dola 125, mgeni 1,250, na aliyepata hasogei kwenye droo hiyo kwa miaka 7.

Naomba hata hivyo. Barabara hii naipita majira yote ya mwaka, na kwa milima hii nina mapenzi ambayo sijayapata kwa mahali pengine tangu nihame nyumbani.

17 Februari 2024

Mabishano makali kwenye chai na dereva mwenzangu, Mkenya. Yeye anasema ardhi kubwa ya milima ile ni ya serikali kuu, mali ya kila anayelipa kodi Marekani, basi kwa nini wa Minnesota alipe mara kumi ya wa Montana na apewe makombo? Swali la haki, na lilishafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1978, katika kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya uwindaji na uvuvi ya Montana, miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wawindaji wa nje waliotaka elki. Mwaka 1976 mkazi aliweza kupata leseni ya elki kwa dola 9, na mgeni alilazimika kununua leseni ya jumla ya dola 225. Mahakama ikasema jimbo lina ruhusa. Uwindaji wa starehe si riziki ya mtu wala si haki ya msingi inayomfuata raia toka jimbo hadi jimbo. Ardhi inaweza kuwa ya wote, lakini wanyama wanasimamiwa na jimbo kwa niaba ya watu wake.

Mwenzangu hakuridhika. Mimi niliridhika zamani, na sababu yangu si ya kisheria. Mkazi wa pale ndiye anayeishi na uamuzi ukiharibika. Mimi nikimaliza kundi la mbuzi kwa tamaa, narudi Minneapolis. Yeye ataamka kesho yake atazame mlima mtupu.

Hata hivyo ukweli usemwe: mlango unazidi kubana. Wyoming walipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kazi 2023, na fungu la wageni kwa mbuzi, kondoo wa milimani na musi (moose) likashushwa kutoka kati ya asilimia 20 na 25 hadi 10. Mahali penye vibali vichache, asilimia 10 inaweza kuwa mtu mmoja, au hakuna.

6 Aprili 2024

Idaho. Hawa hawana pointi kabisa. Anayeomba leo kwa mara ya kwanza na aliyeomba tangu ujana wake wako sawa mbele ya droo. Ila wamebana kwa njia nyingine. Ukiomba mbuzi, mwaka huo huombi kondoo wala musi. Lazima ununue kwanza leseni ya kuwinda, dola 185 kwa mgeni, na hiyo hairudi. Ada ya kibali chenyewe, zaidi ya dola 2,600, unaitoa yote pamoja na maombi, ukikosa unarudishiwa. Ukipata na ukamwinda, umemaliza: mbuzi wa Idaho ni mara moja katika maisha. Na eneo lenye vibali 10 au pungufu, mgeni hapati zaidi ya kimoja.

Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kwa nini nataka. Aliuliza fedha itakaa kwao muda gani. Nikasema mpaka Juni. Akasema, "Kama ada za shule hazijaguswa, omba." Hazijaguswa. Nimetuma.

14 Aprili 2024

Nimemaliza kitabu cha Festa-Bianchet na Côté kilichotoka 2008, juu ya mbuzi wa Caw Ridge kule Alberta. Watafiti wamewafuata mbuzi hao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mmoja mmoja, kwa alama za masikioni. Naandika hapa nisije kusahau, maana uchache wote wa vibali umefungwa ndani ya mwili wa jike.

Jike wa mbuzi wa milimani hazai mapema. Katika makundi ya asili mara nyingi anafika miaka 4 au 5 kabla ya kitoto cha kwanza. Anazaa mmoja, mapacha ni nadra. Mwaka mwingine hazai kabisa. Kitoto kinazaliwa mwisho wa Mei au Juni, kikikuta wiki chache za majani mabichi kabla baridi haijarudi, kisha kipite majira ya baridi ya kwanza katikati ya maporomoko ya theluji, tai na simba wa milimani. Vingi havifiki. Sasa toa majike wawili watatu waliokomaa kwenye kundi dogo kama hilo. Huwezi kuwarudisha kwa mwaka mmoja wala kwa mitano. Alberta yenyewe ilifunga uwindaji wa mbuzi mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya makundi kushuka, na ilipofungua tena mwaka 2001 ilitoa vibali vya kuhesabu kwa vidole.

Na shida ni kwamba vibali vingi vya mbuzi vinaruhusu dume au jike, kwa sababu kuwatofautisha ni kazi ngumu. Swalapala na tandala ni rahisi, mwenye pembe ni dume. Hapa wote wana pembe nyeusi, wote wana ndevu, wote ni weupe. Pembe ya jike inaweza kuwa ndefu kuliko ya dume. Idara za majimbo zinamsihi mwindaji achague dume, zinatoa picha na masomo, lakini mwisho wa yote macho ni yake.

Alama nilizojifunza: pembe ya dume ni nene kwenye shina, nene kuliko upana wa sikio lake, na mashina mawili yanakaribiana sana. Ya jike ni nyembamba, ina nafasi katikati, na inapinda ghafla karibu na ncha badala ya kupinda taratibu toka chini. Dume mkubwa hukaa peke yake au na madume wenzake wachache. Aliye katikati ya kundi na vitoto, mchukulie ni jike hadi ithibitike vinginevyo. Na usipokuwa na hakika, subiri akojoe: dume husimama amejinyoosha mbele, jike huchuchumaa. Inaweza kuchukua nusu siku. Basi ichukue nusu siku.

Nimejiwekea sharti. Kibali kikitoka, hata kikiruhusu yeyote, ni dume tu. Nikikosa dume nitarudi mikono mitupu na kibali changu mfukoni.

30 Aprili 2024, Bozeman

Maombi ya Montana nimeyatuma leo, siku moja kabla ya mwisho. Mvua.

12 Juni 2024

Idaho: jina halikutoka. Fedha wamesema itarudi kwenye kadi.

Montana nako sikubahatika. Lakini rafiki yangu wa kampuni, mzee wa Livingston, mkazi wa Montana maisha yake yote, amepata leseni ya mbuzi upande wa Milima ya Crazy. Sauti yake kwenye simu ilitetemeka. Ana miaka zaidi ya sitini na magoti yake hayako sawa. "Njoo unisaidie kubeba," akasema. Kubeba hakuhitaji kibali. Nimeomba likizo papo hapo.

22 Septemba 2024, Milima ya Crazy

Tumepanda tangu jana. Kilele kikubwa cha hapa kinapita mita 3,400. Sisi tuko chini yake, kambi yetu iko kwenye miti ya mwisho kabla ya mawe. Upepo hauna adabu. Mzee anapanda polepole bila kusimama, na mimi nyuma yake na mzigo, darubini shingoni, bunduki sina.

Usiku alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma lakini sikulipa uzito. Mbuzi hawa si wa asili ya milima hii. Waliletwa miaka ya 1940 kutoka kwingine Montana, wakaachiwa, wakazaana. Leo makundi mengi yaliyopandikizwa namna hii jimboni yanastawi, na ya asili kule magharibi yamepungua sana. Kwingine ujio wao umekuwa balaa: katika hifadhi ya Grand Teton, mbuzi waliotoka kwenye makundi ya kupandikizwa waliingia makazi ya kondoo wa asili, na Februari 2020 hifadhi ikawapiga risasi mbuzi 36 kutoka helikopta kwa siku moja, gavana wa Wyoming akalalamika na kazi ikasimamishwa. Mzee alisema yeye angewaacha hai hapa na kuwaondoa kule, na haoni kama anajipinga. Nami nakubaliana naye. Kila mlima na hesabu yake.

Leo asubuhi tuliwaona saba juu ya ukingo, mita mia tatu hivi. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko wote, manyoya mazito, pembe ndefu za kushangaza. Mzee alilala juu ya mkoba wake akaweka bunduki tayari. Mimi nilikaa kwenye darubini. Sikio lilikuwa pana kuliko shina la pembe. Nikamwambia. Akasema ameona hivyohivyo, lakini mwili ni wa dume. Tukasubiri hadi jua likatuzunguka. Karibu na saa sita mchana mbuzi yule akainuka, akatembea hatua chache, akachuchumaa. Kitoto kikatoka nyuma ya jabali kikamfuata.

Mzee akatoa risasi kwenye chemba akaiweka mfukoni. Hakuonekana kusikitika hata kidogo.

Jioni tulimwona dume kweli, peke yake, shingo imepauka manjano, pembe nene. Alisimama mahali ambapo angepigwa angeanguka mpaka tusiweze kumfikia. Tukamwangalia hadi giza. Kesho kutwa nami nina mzigo wa kupeleka Fargo.

3 Novemba 2024

Mzee amepiga simu. Alirudi juu na mwanawe wiki iliyopita, wakampata dume kwenye mteremko mzuri, risasi moja, hakuanguka mbali. Amehesabu pete za pembe: sita. Pete ya majira ya baridi ya kwanza haionekani, kwa hiyo ni wa miaka 7. Nyama yangu iko kwenye friza yake hadi nitakapopita.

Nikampigia Baba Kondoa kumpa habari, kwa sababu tangu Septemba ananiuliza.

"Shikamoo Baba. Amepatikana."

"Marahaba. Dume?"

"Dume, miaka saba."

"Na yule jike mwenye kitoto?"

"Tulimwacha palepale."

Akataka kujua pembe zina urefu gani, ngozi watafanyia nini, na kama nyama ina harufu. Kisha akauliza mimi naomba lini. Nikamwambia Idaho wanafungua Aprili 1, na fedha waliyorudisha Juni haijatumika.