Keki ya Maharagwe

Mama yangu hakuwa mlaji hata katika ujana wake. Lakini uzee ulipomjia, na homa ikamlaza kitandani wiki tatu, alikuwa kama mtu aliyekwisha kuagana na sahani. Nyama ilimshinda kwa meno, samaki alimchukiza kwa harufu, maziwa yalimsokota tumbo. Havikukataliwa ila vitu viwili: chai na kitu kitamu. Mikono iliyonilea ilikonda mpaka bangili zikawa zateleza hata viwikoni. Tabibu alinieleza kuwa mtu wa umri wake ahitaji protini gramu 1 hata 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Mama alikuwa na kilo 45. Hesabu ilidai gramu 50 hivi, na chai yake na vipande viwili vya mkate havikutimiza hata robo.

Basi niliwaza kuwa, kama mlango wa utamu ndio pekee uliobaki wazi, nguvu nayo na ipite mlango huo. Kwetu Tanga wazo hili si geni. Kashata ya njugu ni nini kama si nguvu iliyovikwa sukari? Lakini kashata yataka meno. Mkate wa mayai hautaki meno, na mama alipenda chokoleti kama mtoto. Nilinunua unga wa kakao ya Kyela, mchungu, usiotiwa sukari. Na mahali pa unga wa ngano nikaweka maharagwe mekundu.

Maharagwe haya hayataki mzaha. Yana sumu ambayo moto hafifu hauishindi. Kwa hiyo niliyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikayachemsha kwa nguvu zaidi ya dakika 10, kisha nikayaacha yaive mpaka yakapondeka kwa vidole. Niliyaponda, nikatia njugu zilizosagwa, kakao, iliki na mayai 5. Sukari nikaitia kijiko kimoja tu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma habari za afya. Nilipata tofali. Mama alilitazama akauliza kama nilikuwa najenga.

Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mpishi wa mtaani kwetu alilijua: sukari si utamu peke yake, huzuia unyevu ndani ya mkate, ukiiondoa yote, mkate hukauka. Nilirudisha nusu ya sukari ya kawaida, nikaongeza tende zilizolowekwa. (Tende nazo ni sukari, tusidanganyane, lakini zina kitu kingine pamoja nao utamu.) Ute wa mayai niliupiga peke yake mpaka ukasimama, nikauchanganya polepole. Kisha nikapalia makaa, mengi juu ya kifuniko na machache chini, nikakaa kando nikinusa. Keki iliumuka. Niliikata vipande 12, kila kimoja na gramu 8 hivi za protini. Si muujiza, lakini vipande viwili ni karibu theluthi ya hesabu ya tabibu.

Sikumwambia mama kilichomo. Alikula kipande, akafumba macho, akala cha pili. Siku ya nne alikiweka kipande chini akasema:

“Mwanangu, umenitilia maharagwe.”

Nilinyamaza.

“Nimepika maharagwe miaka hamsini. Wadhani siyajui kwa sababu yamepakwa rangi?”

Nilisema nilihofu angekataa. Alijibu kuwa huenda angekataa, na kukataa kulikuwa haki yake. Ila mtoto ndiye afichiwaye dawa ndani ya asali, na yeye hajawa mtoto wangu. Maneno haya yaliniingia kuliko hasira. Katika kuhesabu gramu nilikuwa nimesahau kumhesabu mwenye kula. Nilimwomba radhi. Hakunijibu, na kipande kilibaki sahanini mpaka usiku.

Asubuhi nilimkuta barazani, ungo mapajani, maharagwe yaliyochemshwa yamejaa ndani yake. Alikuwa akiyamenya maganda, moja moja. “Maganda ndiyo yaliyokusaliti,” alisema. “Yanakwaruza ulimi. Na chumvi hukutia.”

Bangili zilikuwa zingali zateleza. Alizisukuma juu kwa kidevu, akaendelea kumenya.