Pwani Isiyo na Kiingilio

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Hawakutaja nauli, wala hawakutaja kibali. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwatenga wasichana wawili waliokalia dawati moja katika shule ya upili huko Kakuma. Mmoja alikuwa mzaliwa wa Lodwar, makao makuu ya Turkana. Wa pili alizaliwa katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa hapo Kakuma mwaka 1992, wazazi wake wakiwa wameikimbia vita ya Sudan.

Wote wawili walikipenda Kiswahili mno. Walijifunza lugha hiyo katika vitabu vilivyojaa majahazi, minazi na pepo za kusi na kaskazi, ilhali nje ya dirisha la darasa mto Tarach ulikuwa mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Mwalimu alipoeleza maana ya maji kupwa na kujaa, alichora mstari ubaoni kwa chaki, akaufuta, akauchora tena juu zaidi. Siku hiyo wasichana hao waliapiana kuwa wataiona Pwani pamoja.

Majaliwa hayana simile. Yule wa Lodwar alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu mjini Mombasa. Alisafiri kwa basi kupitia Lokichar, Kainuk na Kitale hadi Nairobi, kisha akapanda gari la moshi kuelekea Pwani, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja bila kutoka nje ya nchi yake. Jumamosi ya kwanza aliyokuwa na nafasi, alipanda matatu ya Bamburi, akashuka penye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta.

Jina hilo lilimshtua. Huko kwao Lodwar, wazee hulitaja kwa kisa kingine kabisa. Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na serikali ya kikoloni, akafungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akawekwa kizuizini humo hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Mkoloni alimchagulia jangwa kwa sababu alijua kuwa jua na umbali ni ukuta usiohitaji mawe. Na sasa jina la mtu aliyekatazwa kutembea limepewa ufuo ambao kila mtu anaruhusiwa kutembea.

Kwanza alisimama kando akishika kibeti chake, akitafuta dirisha la kukatia tiketi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo alimwona akihangaika.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Natafuta pa kulipia kiingilio."

"Marahaba. Kiingilio cha nini? Bahari haina mwenyewe. Shuka ukaoge. Hapa kinacholipiwa ni mihogo tu."

Akashuka. Aliyoyaona hayakufanana na picha za kalenda. Palikuwa na watoto wakielea juu ya tyubu za magari, akina mama wakiingia majini na madera yao, vijana wakicheza kandanda, wachuuzi wa madafu na mabuyu wakipita wakinadi. Hakuna aliyeulizwa ametoka wapi. Akamwona na ngamia, amevishwa vitambaa vya rangi, akibebeshwa watoto kwa malipo ili wapigwe picha. Msichana alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Kwao ngamia ni maziwa, ni mahari, ni uhai wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokwisha. Hapa alikuwa mgeni kama yeye, ila yeye hakufungwa kamba.

Maji ya kutazama hayakuwa mageni kwake. Mwendo wa kilomita sitini hivi kutoka Lodwar liko ziwa ambalo Waturkana huliita Anam, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo ya kudumu jangwani. Wazungu waliofika huko mwaka 1888 walilipachika jina la Rudolf, na mwaka 1975 likaitwa Turkana. Alikuwa amefika Kalokol mara kadhaa kwa jamaa zake wavuvi. Alijua kuwa ufuo hauna ahadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palijengwa hapo kiwanda cha samaki kwa msaada wa Norway, kisha ghuba ikakauka, samaki wakatoweka. Na tangu mwaka 2020 maji yalipanda kupita kiasi, yakazifukuza familia ufuoni. Lakini bahari hii ilikuwa na tabia ya pekee. Iliondoka mchana na kurudi jioni kama mchungaji mwaminifu, sawasawa na ule mstari wa chaki ubaoni.

Alasiri aliamua kuufuata ufuo. Alitembea hadi miguu ikachoka, akataka kutoka barabarani kwa njia ya mkato. Kila alipojaribu alikutana na ukuta, na penye lango palikuwa na bawabu aliyemwelekeza arudi alikotoka. Aliporejea akamsimulia yule mama.

"Ndivyo kulivyo, mwanangu," mama akajibu huku akikamua ndimu juu ya mihogo. "Maji ni ya wote. Njia ndizo zenye wenyewe."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu kuwa ardhi ya umma eneo lote lililo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa. Lakini haki isiyofikika ina faida gani? Huko Turkana miti ya kando ya mto huwa na wenyewe. Kila ukoo una sehemu yake iitwayo ekwar, na mgeni haruhusiwi kuokota matunda yake wakati wa kiangazi bila idhini. Hata hivyo, mwenye ekwar hamfungii mwenye kiu njia ya kwenda kisimani. Jangwa limewafundisha watu kuitenga milki na uhai.

Usiku alimpigia simu rafiki yake wa Kakuma, akamweleza yote.

"Kiingilio pesa ngapi, dada?" rafiki akauliza.

"Hakuna kiingilio. Ni bure."

Kimya kikapita. "Kwangu mimi kipo," akasema. "Ni karatasi."

Hapo yule wa Lodwar akaikumbuka ziara ya darasa lao kwenda ziwani. Mkimbizi alihitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali cha rafiki yake kilitoka siku mbili baada ya basi kurudi. Aliishi Turkana maisha yake yote bila kuliona ziwa la Turkana, na siku hiyo wenzake walirudi wakimsimulia habari za mamba. Naye alikuwa miongoni mwa wasimuliaji. Hakuwahi kumwomba radhi. Usiku huo alimwomba.

Likizo ilipofika alirudi nyumbani, akapitiliza hadi Kakuma na chupa ya maji ya bahari. Rafiki yake akaifungua, akaonja, akakunja uso, kisha akacheka hadi machozi.

"Ama kwa hakika ni chumvi! Kumbe vitabu havikutudanganya."

Waliketi ukingoni mwa Tarach hadi jua likatua. Mwenye chupa akaambiwa anaweza kuyamwaga hayo maji, kwani hayanyweki wala hayamwagilii mmea. Akatikisa kichwa, akaifunga chupa na kuikaza.

"Hapana, dada. Nimekwisha kuomba kibali tena. Haya nitayarudisha mwenyewe."