Askari wa Bure Katika Magunia ya Sukuma Wiki

Ikiwa nawe hupanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba, basi kisa hiki kinakuhusu.

Mimi nina magunia manne tu, hapa mtaani Umoja, Nairobi. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, vidukari walivamia majani hadi yakajikunja na kunata. Sikusubiri. Nilikwenda dukani nikanunua dawa, nikainyunyizia jioni hiyo hiyo. Isitoshe, nilipoona vijidudu vyeusi vyenye madoa ya rangi ya machungwa, mfano wa mamba wadogo, nilivisaga kwa kidole gumba nikijisifu kwamba nimekomesha ukoo mzima.

Kesho yake asubuhi nilimkuta binti yangu wa miaka sita akiwapikia wanasesere wake mboga. Majani yale yale! Jani moja alikuwa akilitafuna. Nilimsukutua mdomo, nikamkimbiza kwa daktari huku nimeshika chupa ya dawa ili maandishi yake yasomwe. Namshukuru Mungu, hakudhurika. Lakini usiku huo sikupata hata lepe la usingizi.

Na vidukari je? Wiki tatu baadaye walirudi, tena wengi kuliko mwanzo.

Mama yangu alipotutembelea, alichungulia magunia akatikisa kichwa. "Mwanangu, umewaua askari wako," alisema. Kumbe vile vijidudu nilivyovisaga ni watoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni, na mama na watoto wote chakula chao ni vidukari! Dawa iliwaua wote pamoja. Lakini kidukari jike huzaa bila hata kuhitaji dume, hivyo huongezeka kwa siku chache, ilhali askari huchelewa kurudi.

Usidhani hizi ni hekaya za kijijini. Katika miaka ya sabini, kidudu cheupe mithili ya unga, kutoka Amerika Kusini, kiliangamiza mihogo barani Afrika. Kilichokishinda si sumu, bali nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Paraguay na kuanza kuachiliwa mashambani mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, akiwa mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, hapa hapa Nairobi.

Siku hizi vidukari wakizidi, mimi huwaosha kwa maji. Pia nimeacha dania chache zichanue, kwani maua yake huwavutia nyigu na wadudu wengine wenye faida. Majani machache huliwa, nami sinung'uniki.

Jumapili iliyopita binti yangu aliinama penye gunia, akahesabu wekundu saba. "Mama, askari wako kazini," aliniambia.

Nami nikachuma mboga ya jioni bila hofu.