Safari ya Bombo na Gari Lililotetemeka

Ukitoka Same mjini na kushika barabara ya Kisiwani, milima ya Upare inakuwa mkono wako wa kuume na nyika ya Mkomazi mkono wako wa kushoto. Upande mmoja kuna misitu na mawingu, na huko juu kabisa ni Shengena, kilele kinachopita mita 2,400. Upande wa pili ni miiba na jua kali mpaka macho yachoke. Katikati ya hayo mawili ndipo tulipopita Ijumaa moja, akina mama watano ndani ya gari dogo la petroli, la zamani, lenye kabureta. Tulikuwa tumealikwa Bombo kufundisha akina mama wenzetu juu ya lishe ya watoto.

Tangu Same gari halikuwa na raha. Likisimama huku injini inanguruma, yaani likiwa sailensa, lilitetemeka mpaka vikombe vikagongana kapuni. Mwenzetu aliyeendesha akikanyaga mafuta, lilisita kwanza, kisha likaruka mbele. Mafundi husema gari la namna hiyo linamisi.

Kisiwani tulisimama kununua ndizi, na hapo mwenzetu akatutolea yaliyokuwa moyoni. Kwa miezi miwili yeye na mumewe walikuwa wamebadili plagi, kisha nyaya zake, na mwisho kabureta nzima, kila mara kwa ushauri wa mtu mwingine. Fedha ya kabureta ilikuwa ada ya binti yao. Mume alikuwa amesema hataki tena kusikia habari za gari hilo, naye mke hakuthubutu kumwambia kwamba bado linatetemeka. Tulinyamaza. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuficha jambo dogo ili nyumba ilale kwa amani?

Baada ya Maore tuliacha tambarare tukaanza kupanda. Upareni ni nchi ya maji yanayotunzwa. Tangu zamani Wapare wamechimba mifereji na ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji usiku ili wamwagilie mchana. Lakini siku ile hatukuwa na nafasi ya kutazama mandhari. Kila kona gari lilisita, na wawili wetu tulishuka tukafuata nyuma kwa miguu, tumebeba jiwe la kuzuia tairi. Penye mteremko mfupi mwenzetu alisema, "Breki nazo zimekuwa ngumu. Labda mguu wangu umechoka." Hatukulipa neno hilo uzito. Tulifika jioni, tukapokewa kwa makande ya moto na chai ya tangawizi.

Jumamosi wenyeji walitutajia fundi mmoja mzee, lakini ni Msabato, na Sabato hafungui boksi la vifaa. Milima hii ya Upare ndiyo Wasabato walikoanzia kazi yao Tanzania mwaka 1903, na hadi leo Walutheri na Wasabato ni majirani na wakwe. Basi tukafundisha lishe, tukasubiri. Jumapili baada ya ibada yetu, mzee alikuja mwenyewe.

Sisi tuliozoea wodi tulimtazama kwa mshangao, kwa maana hakugusa spana. Alianza kwa kuuliza, kama anayempokea mgonjwa. Shikamoo zilipokwisha akasema, "Mwanangu, lilianza lini? Linatetemeka likiwa baridi tu, au hata likishapata moto? Mafuta mnanunua wapi?" Alieleza kwamba kabla Serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, petroli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa, naye haachi kuuliza. Kisha akauliza, "Na breki je?" Katika miezi miwili hakuna fundi aliyewahi kuuliza hilo.

Ndipo akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Alitufundisha hivi: plagi yenye masizi meusi makavu inasema mafuta yamezidi hewa; iliyolowa oili inasema injini imechakaa ndani; nyeupe inasema hewa imezidi mafuta. Moja ikitofautiana na wenzake, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo. Tena, gari la kabureta likipanda mlimani, ambako hewa ni nyepesi, kwa kawaida mafuta ndiyo huzidi. Hapa angetegemea masizi. Lakini zote nne zilikuwa nyeupe.

"Gari lenu linakunywa uji mwepesi," alisema, nasi tukacheka, kwa kuwa jana yake tulikuwa tumewakataza akina mama kuzidisha maji kwenye uji wa mtoto. Mahali fulani hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma, ikipunguza nguvu ya mafuta.

Aliwasha injini, akainama kusikiliza. Kisha kwa koleo akaibana mipira ya hewa mmoja mmoja, polepole. Alipoubana ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chombo cha kusaidia breki, injini ikatulia. Upande wa chini, karibu na klipu, mpira ulikuwa umepasuka, mahali pasipoonekana kwa macho. Alikata ncha mbovu, akaukaza upya kwa kuwa ulikuwa na urefu wa kutosha, akasema tukifika Same tununue mpya.

Hapo ndipo miguu yetu ilipolegea. Mpira ule ule uliotetemesha gari ndio ulioipa breki wepesi wake. Ungeachia kabisa, tungeteremka milima ile kwa nguvu za mguu wa mama mmoja.

Dada mpendwa, kuna kipimo ambacho hata wewe unaweza kukifanya nyumbani. Gari likiwa limezimwa na limesimama mahali tambarare, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, msaada wa breki unafanya kazi. Isiposhuka, usisafiri, mwite fundi. Na ukisogelea injini inayozunguka, funga kanga yako vizuri na uvue mtandio, maana feni haichagui.

Tena, usikubali kubadilishiwa kifaa kabla hujaulizwa maswali. Anza na vya bei ndogo: chujio la hewa, plagi, mipira. Badili kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Wodini hatumpi mgonjwa dawa tano kwa mara moja, kwa kuwa akipona hatutajua iliyomponya, na akizidiwa hatutajua iliyomdhuru.

Jioni ile mwenzetu alimpigia mumewe simu, akamweleza yote, hata yale ya kuficha. Tulisikia kimya kirefu, kisha sauti yake: "Breki? Basi rudini polepole." Ada waliilipa baadaye, kidogo kidogo. Jumatatu tuliteremka kutoka Bombo kwa gia ya chini, vikombe vimetulia kapuni, tukimshukuru Mungu kwa mzee aliyejua kuuliza.