Kigali ya Bondeni na Kigali ya Mlimani

Redio ikitangaza kwamba leo Kigali ni nyuzi 27, nyumbani kwetu huulizana, "Kigali ipi?" Kituo cha vipimo kipo uwanja wa ndege wa Kanombe, mahali palipoinuka karibu mita 1,500 juu ya bahari. Lakini mji huu una bonde la mto Nyabarongo, yapata mita 1,350 tu, na una mlima Jali ambao kilele chake chapita mita 2,000. Nasi tumefundishwa darasani ya kuwa kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Basi fanyeni hesabu wenyewe: saa ile ile ya adhuhuri mmoja anatafuta kivuli bondeni, na mwenziwe kule juu hajavua sweta.

Sisi tulihamia huku kutoka Ujiji miaka mitatu iliyopita. Wasomaji waliopata kufika Ujiji wajua joto lake. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, na maji mengi kama yale hayapoi upesi jua likitua, kwa hiyo usiku mtu hulala dirisha wazi na shuka moja. Baba alipata shamba kwenye mlima mmoja katika wilaya ya Gasabo, mahali ambapo kwa karatasi ni mji wa Kigali, bali kwa macho ni migomba, maharage, na mbuzi njiani. Shamba lenyewe ni jembamba na refu, kama yalivyo mengi katika nchi hii. Laanza karibu na mgongo wa mlima, lateremka upande wa mashariki mpaka karibu na kinamasi. Tulipanga vyumba viwili kule juu, kisha likaja swali: nyumba yetu ijengwe sehemu gani ya shamba?

Swali hilo halikuwa jambo dogo, maana bibi yetu, mama yake baba, ana pumu, na tangu tulipofika alikuwa akiogopa baridi kuliko njaa. Kwa upande mwingine, chemchemi iko chini kabisa, na wachukuao maji ni mama na sisi watoto. Dumu la lita 20 kichwani, katika mtelemko ule, ni mzigo wa kumfanya mtu asahau hata jina lake. Baba akapenda chini. Kule msingi huchimbwa kwa urahisi, maji ni karibu, tena, alisema, ikiwa juu ni baridi, hapana budi chini pawe na joto. Hata walimu wasema hivyo. Hakuna aliyempinga.

Aliyetusimamisha ni mzee mmoja jirani. Hakubishana. Alimwambia baba tu, "Mzee mwenzangu, kabla hujanunua tofali hata moja, kalale kule chini usiku mmoja."

Ulikuwa mwezi wa saba, katika kiangazi kirefu ambacho wenyeji hukiita impeshyi, mbingu wazi bila wingu. Baba akachukua blanketi akaenda kulala katika kibanda cha shamba. Alipopanda alfajiri blanketi lilikuwa limelowa kana kwamba limeanikwa mvuani, na hakusema neno mpaka alipokwisha kikombe cha pili cha chai.

Mimi nilikuwa likizoni, na mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa ameniazima kipimajoto. Kesho yake nikateremka saa kumi na mbili asubuhi. Kando ya kinamasi kilionyesha nyuzi 12, nami sikuweza kuona miguu yangu kwa ukungu. Katikati ya mlima kilionyesha nyuzi 15, na kutoka pale niliutazama ukungu ule chini yangu, mweupe, umetulia kama maziwa katika bakuli.

Sababu yake ni nyepesi, ingawa haikunijia kichwani mpaka nilipoona kwa macho. Usiku usio na mawingu ardhi hutoa joto lake upesi, na hewa iliyo karibu nayo hupoa. Hewa ya baridi ni nzito. Hivyo huteremka mlimani polepole kama maji, ikakusanyika bondeni. Kanuni ya darasani si uongo, lakini ni kanuni ya mchana na ya milima kwa jumla. Usiku bonde huwa na sheria yake.

Mtu aweza kuuliza, mbona basi tusijenge juu kabisa? Aje aone upepo utanguliao mvua za itumba, mwezi wa tatu hadi wa tano. Majirani wa kule huweka mawe juu ya mabati, na bado wengine huyafuata mabati yao katika shamba la watu. Nyumba yetu ikasimama katikati. Hata pale si salama kwa kila jambo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini ya nchi hii, mito ikafurika, milima ikaporomoka, wakafa watu zaidi ya 130. Kwa hiyo baba alichimba mitaro nyuma ya nyumba kabla ya kuezeka, akapanda mabingobingo kwenye kingo ili kushika udongo.

Mzee yule alitufunza habari ya jua pia. Wakati wa masika asubuhi mara nyingi huwa wazi, na mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri. Sisi tuelekeao mashariki hupata jua mapema, na maharage yetu hukauka. Wale wa ng'ambo ya bonde, waelekeao magharibi, hungojea jua la alasiri, ambalo siku nyingi halifiki.

Bibi bado hukohoa mwezi wa nne mvua ikizidi. Lakini dawa yake ya kuvuta sasa hukaa siku nyingi mfukoni, na asubuhi huota jua mlangoni akiwasema wapitao.

Kule chini nako hatukukuacha. Impeshyi ikifika, mlima mzima hugeuka kahawia na vumbi jekundu hutimka njiani, lakini ardhi ya bondeni hushika unyevu wake. Maharage ya juu yakisha vunwa mwezi wa sita, mama hupanda viazi na kabeji huko, na kwa miezi hiyo ndiyo mboga yetu na karo yangu. Maji nayo bado twayapandisha kwa kichwa. Kutoka chemchemi mpaka mlangoni kwetu ni ngazi 212 za udongo, ambazo nilizichonga mwenyewe likizo iliyopita, na kila mvua kubwa huondoka na mbili tatu.